Likizo ya Watoto Hapa Hapa Mafia



Kila mwaka inapokaribia Desemba, nyumba nyingi za watumishi hapa Kilindoni huanza hesabu ile ile. Nauli ya chombo kutoka hapa hadi Nyamisati, nauli ya gari kutoka Nyamisati hadi Dar es Salaam, kisha basi la kwenda Moshi, Iringa, Bukoba au popote waliko bibi na babu wa watoto. Zidisha kwa watu watano. Zidisha tena kwa mbili, maana aliyekwenda ni lazima arudi. Ongeza zawadi, kwa kuwa hakuna aendaye kwa wazazi mikono mitupu. Baba wa nyumba huitazama karatasi, hukohoa, kisha hutoka nje kupunga upepo.

Mwaka mmoja hesabu hiyo ilizishinda kaya nne za kanisani kwetu kwa mpigo. Watoto walilia, nasi tukawaonea huruma. Tulipokutana siku ya kikundi cha akina mama, mmoja wetu akasema, "Tatizo ni kwamba hapa kisiwani hakuna kitu cha kumwonyesha mtoto." Wote tuliitikia. Leo tunaona aibu kidogo kuyaandika maneno hayo, kwa sababu saa ile ile ndege ndogo zilikuwa zikishusha wageni kutoka Ulaya waliolipa fedha nyingi ili waje kuona vitu vilivyo nyuma ya nyumba zetu.

Lakini tuseme kweli. Haikuwa kwamba hakuna kitu. Tulikuwa tunaiogopa bahari. Wengi wetu tumeletwa hapa na kazi, ya ualimu, uuguzi au ofisi za wilaya, na tumezaliwa mahali ambapo maji makubwa ni mto wa kufulia nguo. Kuogelea hatujui. Kwa hiyo tuliwawekea watoto sheria moja tu: usiende pwani. Sisi tulio wauguzi tunafahamu matokeo ya sheria ya namna hiyo. Mtoto aliyekatazwa bahari huenda kwa siri, na aendaye kwa siri huenda bila mtu mzima. Tumewapokea watoto wa namna hiyo zamu ya mchana, wengine na miiba miguuni, wengine wakitapika maji ya chumvi. Na ziko siku ambazo tulimpokea mtoto tusiweze kumrudisha kwa mama yake akiwa hai. Hatutaeleza zaidi.

Basi mwaka ule tukaamua kwamba watoto wataiona bahari, na sisi tutakuwepo.

Safari ya kwanza tuliikosea. Ilikuwa Jumamosi, tukachukua watoto kumi na mmoja, mihogo ya kuchemsha, maandazi na dumu la maji ya kunywa. Maji yalikuwa yamekupwa, na mbele yetu lilionekana fungu la mchanga mweupe, zuri mno, si mbali na ufuko. Tukavuka kwa miguu, maji hayakufika hata magotini. Watoto walikimbia, wakachimba mashimo, wakamkuta kiti cha pweza mwekundu wakamzunguka kama wanaoona maajabu. Sisi tukatandika mkeka, tukala, tukaimba. Hakuna aliyetazama nyuma. Tulipogeuka, ule mfereji mdogo tuliouvuka ulikuwa umekuwa mpana, na maji yalikuwa yanakwenda kwa kasi.

Mwenye nguvu alibeba wawili. Katikati ya mfereji maji yalitufika kiunoni, kisha juu ya kiuno, na mchanga ulikuwa unakimbia chini ya nyayo. Wavuvi wawili waliokuwa wakitengeneza nyavu waliona, wakaingia majini bila kuulizwa, wakatuchukulia watoto sita mabegani. Tulifika wote. Tulipoteza mkeka, sufuria na viatu vya watoto watatu. Mmoja wa wavuvi, mzee wa makamo, alitukaripia kama wanawe: "Mama zangu, nyinyi hamkutazama mwezi?"

Mwezi? Tulikuwa tumetazama saa ya ukutani.

Jioni tulikwenda kwa Bibi, jirani yetu mwenyeji, mama wa Kiislamu ambaye amevua pweza kwenye matumbawe tangu usichana wake. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, halafu akatufundisha. Tunayaandika hapa kwa kirefu, kwa sababu mama anayeishi pwani yoyote ya Tanzania na Kenya atayatumia, na kwa maoni yetu yanazidi thamani ya safari zote tutakazozitaja baadaye.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika mchana na usiku mmoja. Kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika hamsini. Kwa hiyo fungu lililokuwa wazi saa tano leo, baada ya siku nne tano litakuwa limefunikwa saa hiyo hiyo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, siku moja au mbili baadaye, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na hapa kwetu tofauti kati ya juu na chini hupita mita 3. Katikati ya hapo, mwezi unapokuwa nusu, huwa maji mafu: hayajai sana wala hayakupwi sana.

Sasa sikilizeni jambo lenye faida. Katika pwani yetu siku za bamvua maji hukupwa kabisa asubuhi, kati ya saa nne na saa tano hivi, na hujaa alfajiri na jioni. Hizo ndizo siku za kuwapeleka watoto kutembea juu ya miamba na mchanga kutazama viumbe. Wapeleke wakati maji bado yanatoka, na maji yakigeuka tu, nanyi geukeni. Siku za maji mafu, kinyume chake, maji huwa yamejaa kwa upole katikati ya asubuhi. Hizo ndizo siku za kuoga na kujifunza kuelea mahali pasipo na mkondo. Na kuna la tatu, ambalo ndilo lililotuponza: maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huja taratibu, ukadhani una muda. Saa ya tatu na ya nne ndipo hukimbia.

Siku hizi kalenda ya kanisa iliyoko ukutani kwetu ina duara ndogo za penseli kwa ajili ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mchungaji alipoziona aliuliza kama tumeanza kufunga Ramadhani.

Baada ya kujua maji, likizo ya Desemba haikuwa tena mzigo. Wakati huo ni kaskazi, bahari ya upande wa Kilindoni mara nyingi huwa shwari, maembe yameiva na mabibo yapo. Jambo la kwanza tulilofanya halikuwa na gharama yoyote. Tulikwenda karibu na uwanja wa ndege, ambao uko mjini kabisa, tukakaa chini ya kivuli kungoja ndege zishuke na kuruka. Wavulana walihesabu, nasi tukawasimulia kwamba mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ndege za Waingereza ziliruka kutoka Mafia kwenda kuitafuta manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji ng'ambo yetu. Rubani na mwenzake waliziongoza meli za kivita zilizokuwa zikipiga mizinga bila kuiona shabaha, na Julai mwaka huo Königsberg ikaangamia. Mtoto mmoja wa darasa la tano aliuliza kwa nini hawakufundishwa hayo shuleni. Baba yake ni mwalimu, basi tulimwachia ajibu.

Kisha Chole. Kutoka Kilindoni hadi Utende ni karibu kilometa 15 za lami, na magari ya abiria yapo. Ukifika huko umeingia Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ambayo ilianzishwa mwaka 1995 na ndiyo ya kwanza ya aina yake nchini. Kuna kiingilio, lakini Mtanzania hulipa kwa shilingi na hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Ulizeni kabla ya siku ya safari ni kiasi gani na watoto wanahesabiwaje, ili msije mkaaibika langoni na kundi la watoto wenye hamu. Kutoka Utende mashua huvusha watu kwenda Chole kwa muda mfupi tu.

Chole ni kisiwa kidogo ambacho mtoto wa miaka sita anaweza kukitembelea kwa miguu bila kubebwa. Humo hakuna pilikapilika za magari. Wajerumani walipochukua Mafia mwaka 1890 waliweka makao yao hapo, na mwaka 1913 wakahamia Kilindoni ambako meli zao zilipata nafasi ya kutia nanga. Majengo yao yamebaki magofu, na miti mikubwa imeingiza mizizi ndani ya kuta mpaka huwezi kusema kama ni ukuta unaoshika mti au mti unaoshika ukuta. Watoto wetu walipotajiwa kwamba gofu moja lilikuwa gereza, walitaka waingie wote, watoke, kisha waingie tena.

Lakini waliyoyazungumza wiki nzima ni popo. Wako Chole popo wakubwa wanaokula matunda, wamening'inia mchana kwenye miti kama nguo nyeusi zilizoanikwa, na jua likizama huanza kuruka kwenda kutafuta chakula. Ndugu zao wa aina hiyo hiyo wako Komoro. Bara hawapatikani. Kama wauguzi tunaongeza neno: popo hutazamwa kwa macho tu. Mtoto asimshike popo aliyeanguka, hata aliyekufa, na embe lililong'atwa lisiliwe. Hatumtishi mtu. Ni usafi uleule tunaofundisha kliniki, na ndugu zetu wa Kagera walioupata ugonjwa wa Marburg mwaka 2023 na tena 2025 wanajua kwa nini tunausisitiza.

Kuhusu papa potwe tutakuwa wakweli, kwa kuwa hii si safari ya bei ndogo. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Wenzetu wa Kenya humwita papa shilingi, kwa ajili ya madoadoa yaliyotapakaa mgongoni kama sarafu. Tangu Oktoba mpaka Machi hivi huja karibu na Kilindoni kula viumbe vidogo mno vya baharini, na mara nyingi huonekana pale pale wavuvi wanapovua dagaa. Zamani tulifikiri wakiisha kuondoka wamekwenda nchi nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, baada ya wataalamu kuwafunga vyombo vidogo vya kutoa sauti, ulionyesha kwamba wengi wao hawaendi mbali: miezi mingine husogea kwenye maji ya kina zaidi tusikowaona. Yaani ni wakazi wenzetu wa kudumu, kuliko baadhi yetu watumishi wanaongoja uhamisho.

Familia moja kukodi boti peke yake itaona uzito. Sisi tulijiunga kaya tano, tukatunza fedha katika kibubu cha kikundi tangu Juni, shilingi elfu moja moja kila Jumapili baada ya ibada, na aliyekosa wiki moja alilipa iliyofuata. Desemba tulikuwa na ya kutosha. Hatukuwashusha watoto majini. Walitazama kutoka kwenye boti, na ilitosha. Aliposogea, madoa yake yakiwaka chini ya maji, mrefu kuliko boti yenyewe, kelele zote zilikatika. Binti mmoja wa miaka saba, msemaji kuliko wote, alishika mkono wa mama yake akanong'ona, "Mama, anatuona?" Mwongozaji alitueleza kwamba hashikwi, hafukuzwi wala hazibiwi njia. Kabla ya kuondoka sisi tuliomba, naye nahodha akasema Bismillahi, ndipo tukang'oa nanga.

Neno juu ya boti, maana hapo ndipo mama anaposhindwa kusema hapana kwa kuona haya. Hesabu jaketi okozi kabla ya kuhesabu watu. Kama watoto ni wanane na jaketi ni tano, safari hiyo haipo, hata kama umeshalipa. Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto mdogo kichwani, kwa hiyo lifungeni na mlijaribu nchi kavu. Tuliwahi kupandishwa chombo ambacho jaketi zake zilikuwa zimefungwa kwa kamba chini ya magunia. Tulishuka, na tuliambiwa tunajidai. Tulirudi nyumbani tumekasirika lakini kamili.

Msikilize pia Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni. Mei mwaka 2024 Kimbunga Hidaya kilikuja mpaka hapa Mafia. Tahadhari ilikuwa imetangazwa siku kadhaa kabla, na vyombo vikazuiwa. Kwa kawaida tulizoea kusema vimbunga ni vya Msumbiji na Madagascar. Tangu hapo hatusemi hivyo, na miezi ya masika hatupangi safari yoyote ya maji na watoto. Masika ni ya hadithi, ufumaji wa ukili na kukuna nazi. Na kama Pasaka imeangukia humo, tunaifanyia sherehe barazani.

Likizo ya Juni ina sura nyingine. Kusi linavuma, asubuhi kuna kibaridi, na bahari ya nje huwa imechafuka. Watoto wa wenyeji huwafundisha wa kwetu kutengeneza tiara kwa vijiti vya makuti na karatasi, na upepo upo bure. Wengine huchonga vingalawa vidogo, huvitia tanga la mfuko wa plastiki na kuvishindanisha kwenye maji ya kina cha kifundo cha mguu. Tumeona akina baba wakijiingiza katika mashindano hayo kwa kisingizio cha kuwasaidia watoto.

Miezi hiyo ndiyo pia wakati mzuri wa kuwaona watoto wa kasa wakitoka mayaini. Kasa hutaga katika fuko za mashariki za kisiwa cha Juani, na mayai hukaa mchangani kwa karibu miezi miwili. Shirika la Sea Sense, ambalo kazi yake ilianzia hapa Mafia mwaka 2001, limewafundisha wanakijiji kulinda viota, na wageni huweza kwenda kushuhudia siku kiota kinapokuwa tayari. Sehemu ya fedha za wageni huwarudia wanakijiji. Ukivuka kwa mashua hadi Juani bado kuna mwendo wa miguu kukatisha kisiwa, hivyo safari hii tunaiona inawafaa watoto wa miaka minane na kuendelea. Tulikwenda na tisa. Walisimama nyuma ya mstari waliochorewa mchangani wakatazama vitoto vyeusi, kila kimoja kikienea kiganjani, vikipiga mbio kuelekea majini. Tuliambiwa kwamba joto la mchanga ndilo linaloamua kama atakuwa dume au jike: mchanga ukiwa moto zaidi, majike huwa wengi. Na jike atakayepona atakuja kutaga baada ya miaka ishirini, thelathini au zaidi, katika pwani ya upande ule alikozaliwa. Mwanafunzi mmoja alipiga hesabu akasema, "Wakati huo mimi nitakuwa baba."

Tukiwa njiani kurudi tuliwaambia jambo lingine, kwa kuwa halifai kufichwa. Kasa haliwi. Kwanza sheria inakataza kumuua. Pili, nyama yake wakati mwingine huwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Machi mwaka 2024, katika Kisiwa Panza huko Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 walilazwa. Watoto na wazee ndio huzidiwa haraka, na mama anayenyonyesha anaweza kuipitisha sumu hiyo kwa mwanawe. Dawa ya kuiondoa haipo, hospitali hutibu dalili tu. Mkiletewa zawadi ya nyama hiyo, kataeni kwa upole lakini kataeni.

Ipo pia Kua, magofu ya mji wa kale hapo hapo Juani, wenye misikiti na nyumba kubwa ya mtawala, ulioshambuliwa na Wasakalava kutoka Madagascar mwanzoni mwa karne ya 19. Nendeni na mwenyeji. Watu wa Mafia bado wanaiheshimu mahali hapo, hivyo watoto wasipande juu ya kuta. Mnara wa taa wa Ras Mkumbi, huko kaskazini kabisa, ni mzuri, lakini njia ni ndefu na watoto wetu wawili walitapika garini. Hatujarudi.

Sasa kikapu cha mama. Kofia za ukili kwa kila kichwa. Maji ya kunywa mengi kuliko unavyofikiri, na usidanganyike na upepo, kwani jua linaunguza hata kusi likivuma. Viatu vya plastiki, yeboyebo za zamani zinatosha, kwa sababu ya wale wadudu weusi wenye miiba mirefu kwenye miamba. Siki, kitambaa safi, sabuni. Chupa ya chai ya maji ya moto matupu, na hii tunaisisitiza. Mtoto akichomwa na taa, au na yule samaki mwenye sumu anayejificha kama jiwe, zamisha mguu katika maji ya moto kadiri mtu mzima anavyoweza kuvumilia mkono wake, wala yasiwe ya kumbabua, kwa nusu saa na zaidi. Maumivu hupungua sana. Kisha mpeleke kituo cha afya, hata kama amenyamaza. Makome yenye umbo la koni yasiokotwe kabisa, mengine yana mwiba wa kuua. Na kwa vyovyote makome na matumbawe huachwa yalipo.

Korosho mbichi ni za nchi kavu, lakini tumeona midomo mingi iliyobabuka kila msimu wa mabibo. Mtoto ale bibo, korosho aikabidhi kwa mama. Maji ya ganda lake yanaunguza ngozi kama moto.

Chukueni na madumu mawili ya lita tano, matupu, yaliyofungwa vizuri, yenye kamba. Kama mtoto anazidiwa majini na wewe hujui kuogelea, usimfuate. Mrushie dumu alikumbatie, kisha piga kelele na vuta kamba. Akitolewa na hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mlazeni chali, mmuinue kidevu, mmpulizie pumzi tano mdomoni, na kama hana dalili ya uhai mbonyezeni kifuani, mkiendelea na pumzi mpaka msaada ufike. Tuliwafundisha akina mama wote wa kikundi kwa kutumia mto wa kulalia, Jumamosi moja baada ya mazoezi ya kwaya. Muda wa saa moja ulitosha.

Jambo la adabu. Tuko katika kisiwa cha Waislamu wengi, na wamekuwa majirani wema kwetu. Tukienda pwani ya kijiji tunapita kwanza ofisi ya kijiji kusalimia. Tunajifunga kanga vizuri. Ramadhani hatuli hadharani mchana, wala hatuwaachi watoto wetu wale mbele ya wenzao waliofunga. Na tunapokwenda, watoto wa jirani huenda nasi. Safari ya pili Bibi mwenyewe alikuja, akatembea mbele yetu juu ya miamba na kijiti chake, akituonyesha tundu la pweza ambalo sisi tungelikanyaga tukapita. Tulimchoma pweza huyo pwani kwa makumbi ya nazi, tukawasimulia watoto jinsi Yesu alivyowaandalia wanafunzi wake samaki juu ya makaa ya moto asubuhi kando ya bahari. Mjukuu wa Bibi aliuliza walikuwa samaki gani. Hatukuwa na jibu. Bibi akasema pengine changu.

Gharama ya siku hiyo, kwa watoto kumi na wanne, ilikuwa nazi mbili, unga wa maandazi, mihogo na nauli ya kwenda na kurudi. Akina baba wawili walikuja na kubeba madumu.

Bara tunakwenda bado, kila tunapoweza, maana mtoto ni lazima amjue bibi yake. Mwaka jana mmoja wa wavulana wetu alirudi kutoka Iringa, akaulizwa ameonaje likizo. Alisema ni nzuri, ng'ombe ni wengi, ila alikaa wiki tatu nzima bila kujua maji yamejaa au yamekupwa.